Uradi wa Elfu Nne Mia Nne Arobaini na Nne

Zainabu anafundisha hesabu katika shule ya msingi huko Gazi. Haoni namba akaiacha ipite. Ataivunjavunja mpaka ajue imejengwa na nini. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi nasema mji wowote wenye mtu kama yeye una bahati, na ushahidi wangu ni Jumamosi moja nyumbani kwa Bi Esha.

Siku hiyo Abdulwahab, mvuvi wa hapo kijijini, alikuwa hospitali akingoja kupasuliwa saa nane mchana. Mkewe, Subira, aliwaita wanawake wenzake wamswalie Mtume mara elfu nne mia nne arobaini na nne, kama ada ilivyo mtu akipatwa na jambo zito. Alitaka wamalize kabla mumewe hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Uradi huo huhesabiwa kwa kunde za Bi Esha. Kila ukisoma mara moja, unahamisha kunde moja. Mfuko ukiisha, uradi umetimia. Lakini asubuhi ile Bi Esha aliumwaga mfuko kwenye sinia, akaingia ndani kutafuta ubani. Aliporudi, kuku alikuwa juu ya sinia.

"Amekula ngapi?" Subira aliuliza.

"Muulize mwenyewe," akajibu Mwanaima, jirani yao. "Huenda keshaanza kumsomea mgonjwa."

Subira hakucheka. "Tukizihesabu upya, saa nane itatukuta hapa hapa."

"Ziacheni kunde," Zainabu alisema. "Elfu nne na mia nne ni arobaini na nne mara mia. Ongezeni arobaini na nne nyingine, inakuwa mara mia na moja. Na arobaini na nne ni kumi na moja mara nne. Basi wasomaji kumi na mmoja, kila mmoja mizunguko minne ya mia na moja. Tasbihi ina tisini na tisa. Kila mzunguko ongezeni mbili."

Mwanaima akatazama mkekani. "Mwalimu, tuko kumi na wawili."

"Kwa kumi na wawili haigawiki. Mmoja apumzike."

Nani angekubali kuachwa nje? Subira aliishika tasbihi yake kwa mikono miwili. Zainabu akamgeukia mwenye nyumba.

"Bi Esha, wewe utatufungia kwa dua. Wengine hatuiwezi kama wewe."

"Unanipamba ili nitoke," Bi Esha alisema.

"Ndiyo, bibi."

Bi Esha akacheka, akasogea pembeni na chetezo chake cha ubani.

Walisoma. Aliyemaliza mizunguko yake minne aliweka tasbihi mapajani akangoja wenzake. Ya mwisho iliwekwa kabla ya adhuhuri, na Bi Esha akaomba dua ndefu iliyowatoa machozi.

Saa saba na nusu simu ya Subira ikalia.

"Wanakuja kunichukua," Abdulwahab alisema. "Mmefika wapi?"

"Tumemaliza, baba Nassir. Haikupungua hata moja."

"Basi naingia," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia.