Jiwe la Kupigia Simu

Nililichukia lile jiwe tangu siku ya kwanza niliporudi nyumbani, na sijaacha. Liko nyuma ya nyumba ya mama, nje kidogo ya Kiomboi, kubwa kama madarasa mawili yaliyounganishwa, na limetuzibia mnara wa simu kabisa. Ukiwa ndani, simu yako haina kazi nyingine ila kukuonyesha saa. Ukitaka kuongea na mtu, unapanda jiwe. Nilipohamishiwa kufundisha shule ya pale kutoka Dodoma, nikarudi kuishi na mama, nilimkuta mwanamke wa miaka sabini na kitu, goti moja limevimba, anapanda mwamba kila Jumapili saa kumi alasiri kusubiri simu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu huyo anafuga nyuki Rungwa. Kule nako mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo walipatana siku moja kwa wiki, saa ileile, na mama hakuikosa hata mvua inyeshe. Mimi niliona ni upuuzi. Mwanaume mzima, ana pikipiki, anashindwa kuja kumwona mama yake, halafu anampandisha kwenye mawe kama mbuzi. Nilimwambia hivyohivyo kwenye simu. Akaomba nimpe mama.

Na jiwe lenyewe lilikuwa na watu. Jumapili walifika watano, sita, kila mmoja amewapa wenzake mgongo, simu sikioni, anasema mambo yake kwa sauti ambayo hata aliye chini kwenye mihogo angeisikia. Mara ya kwanza na ya mwisho nilipopanda na mama, nilimkuta mzee jirani yetu, mtu aliyenijua tangu natambaa. Nikampa shikamoo. Akanitazama, akageuza uso. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuitikia. Mama akanivuta kitenge. Nilishuka nimefura, maana kwetu mzee asipoitikia shikamoo yako amekutukana mbele za watu.

"Jiweni hatusalimiani," mama akaniambia tulipofika nyumbani. "Ukimsalimu mtu umemwambia umemwona. Pale hatuonani."

"Mnaonana vizuri sana. Na mnasikia kila kitu."

"Tunasikia. Tukishuka hatusemi."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kishamba. Nilisema hivyo kwa mama yangu mzazi, nikiwa nimesimama jikoni kwake.

Mvua zilipoanza mwishoni mwa mwaka uliofuata aliteleza. Hakuvunjika, lakini goti lilijaa, na daktari akamkataza kupanda popote. Jambo la kwanza alilouliza tulipotoka hospitali ni kama Jumapili imeshapita.

Wakati huo waya wa intaneti ulikuwa umefika kwenye barabara yetu, ukielekea ofisi za huko juu. Nikaenda kuomba nivutiwe nyumbani. Fundi alikuja siku tatu baada ya ile aliyoahidi, akatoboa ukuta mahali ambapo sikumwonyesha, akaweka kisanduku chake chenye taa juu ya kabati la vyombo. Alipoanza kukusanya vifaa nikamwambia hajamaliza. Nilitaka mtu akipiga namba ya mama ya kawaida, simu ipite kwenye intaneti hiyohiyo na iite humu ndani. Akasema haiwezekani. Nikafungua mipangilio ya simu yangu, nikamwonyesha mahali pa kuruhusu simu za kawaida zipite kwenye waifai. Akasema, "Aa, hiyo." Mimi mwalimu wa Jiografia ndiye niliyemfundisha fundi kazi yake, na hakunishukuru.

Kitochi cha mama, simu ndogo ya vitufe, hakikuwa na uwezo huo, kwa hiyo nilimpa simu yangu ya zamani, nikahamishia laini yake humo. Kesho yake nikampigia nikiwa shuleni. Ikaita. Sauti yake ikanifikia safi kabisa, kutoka kwenye nyumba ambayo tangu ijengwe haijawahi kupokea simu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilijiona ndiye mtoto pekee mwenye akili katika ukoo ule.

Jumapili ya kwanza mdogo wangu alipopiga, mama alipokea, akasema, "Subiri mwanangu, natoka," akajifunga kitenge, akatoka. Waifai yenyewe inaishia kwenye tangi la maji. Alipolipita tu, simu ikakatika. Nikamrudisha, nikamweleza kwa utulivu, angalau mwanzoni, kwamba simu hii inaongelewa ndani. Nikachora mstari wa majivu pale kwenye tangi ili aone mwisho. Jumapili ya pili akauvuka. Ya tatu akauvuka tena, anachechemea na goti lake, anaelekea jiweni. Jioni yake mdogo wangu alinitumia ujumbe: kwa nini unamkatia mama simu? Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilidhani ni mazoea. Watu wa jiwe lile wako hivyo, mkono ukishika simu mguu unatoka nje wenyewe. Nilimfokea mama siku nzima ya Jumatatu, na Jumanne nikaendelea. Nikamwambia nimehangaika na waya, nimehangaika na fundi mjinga, na yeye anaharibu makusudi.

"Wewe si mtoto, mama."

"Najua," akasema, akaendelea kuchagua uwele.

Jumapili ya nne nilifunga mlango wa mbele, nikafunga na wa uani, nikatia funguo mfukoni. Nikakaa kwenye kiti karibu na kabati na madaftari yangu ya kusahihisha. Saa kumi kamili simu ikaita. Mama akainuka, akajaribu mlango wa mbele. Akaenda akajaribu wa uani. Akarudi, simu inaendelea kuita mkononi mwake.

"Fungua," akasema.

"Ongea hapahapa. Inasikika."

"Nataka kuongea na mwanangu."

"Na mimi ni nani?"

Alipokea. Wakaulizana habari za mvua, za mizinga, za wajukuu. Kisha mdogo wangu akauliza jambo. Nilimwona mama akitafuta pa kwenda katika sebule ile yenye viti vinne na meza. Mwishowe akanigeuzia mgongo, vilevile walivyokuwa wakipeana migongo kule juu, akaanza kusema kwa Kinyiramba chetu cha nyumbani, polepole, bila kushusha sauti.

"Hapana, hanipigi. Chakula napata, na dawa ananiletea. Lakini anakaripia kuanzia asubuhi, mwanangu. Nikiweka kikombe anakaripia, nikikitoa anakaripia. Nimekuomba tangu mwaka juzi uje unichukue. Leo amenifungia mlango."

Mwaka juzi ndipo nilipohamia. Kumbe Jumapili zote hizo alikuwa anapanda kwenda kusema hilo, akiwa na watu watano, sita, wakisikia. Wameshuka, wamekutana nami sokoni na kanisani, wameitikia shikamoo zangu, wameniuliza habari za shule, na hakuna hata mmoja aliyenidokeza. Yule mzee jirani alikuwa anajua. Nilikasirika. Aibu ilinijia siku nyingine. Saa ile ilikuwa hasira tupu, juu ya mzee, juu ya jiwe, juu ya mama, na zaidi juu ya mdogo wangu, ambaye sauti yake nilikuwa naisikia kutoka nilipokaa kana kwamba tumekaa naye chumbani. Ule mtandao niliuleta mzuri mno.

"Chumba chako kimeezekwa wiki iliyopita, mama," alikuwa anasema. "Alhamisi nakuja."

"Njoo," mama akasema.

Akabonyeza kitufe chekundu kama nilivyomfundisha. Akanigeukia, akanikabidhi simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kwa jirani. Mimi na mama hatujawahi kuzungumza Kiswahili tukiwa wawili ndani ya nyumba. Kiswahili ni cha wageni na cha ofisini. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akasubiri kidogo, kisha akanisemesha kwa Kiswahili.

"Naomba unifungulie," akasema. "Samahani, mwalimu. Naomba unifungulie."