Mule ya Saumu wa Mapendo

Katika mutaa wa Mapendo kuna wanawake wa kuuza makala ya kupikia, kuna wa kuuza fretin, samaki wadogo wakavu, na kuna Saumu, wa kumwaga plombe. Wa plombe ni yeye peke yake. Plombe ni ile madini laini, nzito, ya ndani ya betri za malori. Saumu anaiyeyusha, anaimwaga ndani ya mule, na vinatoka vidonge vya muviringo ambavyo wavuvi wa Keshero wanavibana chini ya nyavu za sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ili zizame. Mule yenyewe ni ya chuma, nusu mbili zinazofungana kama taya, tundu sita ndani. Muzee Ismael, mume wake, aliinunua Bunagana wakiwa wapya katika ndoa. Alipokufa watu wakasema, "Sasa moto umezimika." Saumu akawaacha waseme. Eda ilipoisha, akawasha.

Basi mwaka huu Swedi, mudogo wa marehemu, aliazima ile mule juma mbili, naye ajaribu kazi. Akairudisha inang'aa kabisa. Saumu akamwaga plombe kama kawaida, na vidonge vikatoka na mikunjo, vingine na ncha kama mwiba. Akajifanya hakuona, akaviuza. Siku ya tatu Papa Zihindula, mukubwa wa wavuvi, akabwaga mufuko muzima mbele ya mulango.

"Mama Saumu, vitu vyako vimenikatia nyavu!"

"Mule imezeeka," Swedi akadakia, "sawa na mwenyewe. Shemeji, tuiuze na vyuma vya zamani. Mimi niko na mupya, kazi nitaishika."

"Wewe?" Saumu akamugeukia. "Wewe unaunguza hata chai!"

Zihindula akacheka, lakini hakulegea. "Jumamosi giza la mwezi linaanza, tunaingia ziwani. Ijumaa nione vidonge mia mbili safi, mama. Nikikosa, nitachukua kwa Swedi, leo na siku zote."

Walipoondoka, Saumu akaipakata mule kama mutoto. Akaingiza kidole ndani ya tundu, akanusa. Mawese! Katika muji huu kila kitu kinapakwa mawese, sufuria, bawaba ya mulango, hata ngozi ya mutoto. Swedi alifikiri anaitunza. Lakini muzee Ismael alisema kila siku: mafuta ni ya nje, ndani ni moshi tu. Mawese ikikutana na plombe ya moto inaungua, inaacha utando, na plombe inakunjamana juu yake. Na yeye Saumu, na miaka yote hiyo ya kazi, aliipokea bila kuinusa! Hilo ndilo lilimuuma.

Akaiosha kwa maji ya majivu, kwa buroshi ya meno. Muchanga hakugusa: muchanga unakula tundu, na muviringo unapotea. Akaikausha kando ya moto mpaka ikauke kabisa, maana tone moja la maji linarusha plombe usoni. Halafu akaifukiza kwa moshi wa taa ya petroli mpaka tundu zote zikawa nyeusi kwa masizi.

Ijumaa wakaja, Zihindula na wavuvi wake, na Swedi mwenye mule yake mupya kwapani. Saumu akamwaga mara ya kwanza: mikunjo.

"Si unaona!" Swedi akaruka.

"Tulia. Chuma haijapata moto. Wewe chapati ya kwanza ya muke wako ulikula?"

Akavirudisha vyote chunguni. Mara ya pili, afadhali. Mara ya tatu akafungua mule, na vidonge sita vikaanguka, laini kama yai. Akakibingirisha kimoja juu ya sinia: kikaenda moja kwa moja. Zihindula akakipitisha kwenye uzi wa nyavu, huku na huku. Uzi haukushika popote.

"Na ya Swedi tuione," akasema Zihindula.

Swedi akamwaga kwake. Moshi ukapanda, wenye harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Vidonge vikatoka vimekunjamana kama maharagwe ya mwaka jana.

"Umeipaka nini, shemeji?" Saumu akauliza.

"Mawese kidogo tu... isipate kutu."

Kiwanja chote kikaangua kicheko. Saumu akaendelea kumwaga mpaka jua likainama. Zihindula akahesabu mia mbili, na Saumu akaongeza kumi na mbili juu, kwa kuringa tu.

"Mama, kazi ni yako mpaka ziwa likauke," Zihindula akasema, akabeba mufuko begani.

Swedi akabaki, anakuna kichwa. "Shemeji, huo moshi unawekwa namna gani?"

"Kaa chini. Osha kwanza," Saumu akamusukumia majivu. "Na siku utakayorudisha kitu changu, unangoja hapo mulangoni mpaka nimalize kukinusa."