Infrared ilivyonikalisha goti kwa goti na kaka niliyemnunia miaka miwili

Wakuu, salaam. Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Wahusika wapo, isipokuwa mmoja, na ndiye sababu ya uzi.

Ni miaka ile minara ya simu ndiyo inachomoza vilimani, na ukiwa na simu ya kamera huiweki mfukoni, unatembea umeishika watu waione. Mimi nilikuwa karani Dodoma mjini, nimepanga Mkonze.

Kaka yangu Yona, mwalimu kule kwetu Kibakwe, tulikuwa hatuongei. Kisa? Harusi yangu. Alipewa maiki atoe nasaha, akaanza: "Shemeji Ester, karibu kwenye familia."

Mke wangu anaitwa Neema.

Ester ni yule wa kabla yake.

Neema alinilisha keki kama anaziba tundu la panya.

Nikamnunia Yona miaka miwili. Hata Baba alipofariki, tulipeana mkono makaburini kama wageni.

Wiki chache baada ya matanga, Mama akanipigia kwa simu ya jirani. Kumbe Yona alimrekodi Mzee akiwa hai, dakika kumi nzima. Ila simu ikadumbukia kwenye ndoo, spika ikafa, hata earphone haishiki. Fundi anasema dawa ni kuiflashi, yaani kila kitu kifutike.

"Nataka kumsikia baba yenu," Mama akasema. "Mambo yenu ya Ester mtajua wenyewe."

Jumamosi nikaenda.

Simu ya Yona haina bluetooth wala memory card, ina infrared tu, na yangu inayo, kwa hiyo turushe sauti ije kwangu. Nyie mliokua na WhatsApp hamjui: simu zinatazamana kijicho kwa kijicho, mkitikisika imekata.

Tukakaa kwenye vigoda goti kwa goti, wanaume wazima na ndevu zetu, simu tumezishika kama tunalishana.

Mara ya kwanza kuku akapita katikati. Failed.

Mara ya pili nikapiga chafya. Failed.

Mara ya tatu ikaanza vizuri. Huwezi kuondoka, huwezi hata kugeuka. Yona akasema taratibu, "Mdogo wangu, siku ile njia nzima nilikuwa najiambia, usimtaje Ester, usimtaje Ester."

Wakuu, nilicheka hadi mkono ukahama. Failed.

"Mbwa wewe!" Yona naye anacheka, machozi yanamtoka. "Betri imebaki kijiti kimoja!"

Mara ya nne tukaziweka juu ya kinu kilichopinduliwa, tukazikinga kwa viganja, hakuna anayepumua.

Ikaingia. Dakika hiyohiyo simu ya Yona ikazima, na haikuwaka tena hadi leo.

Tukamwita Mama. Nikabonyeza play.

Mzee anaanza kwa kugombana na simu: "Sasa hii inasikia au inatazama tu?" Akahamia kwa mbuzi wa jirani. Akaisema kofia mpya ya balozi wa nyumba kumi. Mama anacheka amejifunika khanga usoni.

Mara sauti ikaita: "Mama Yona! Hebu niletee maji."

Mama akainuka.

Alishafika mlangoni ndipo akasimama. Mimi na Yona tukaangalia chini.

Akaendelea tu hadi jikoni, akarudi na kikombe, akaketi, akanywa yeye.

"Amezoea kunituma," akasema. "Rudisha mwanzo."

Funzo langu: sauti ya mzazi iliyo kwenye simu moja tu, ihamishe leo. Na wewe na ndugu uliyemnunia, tafuteni kazi ya kushika kitu pamoja bila kutikisika.

Haya, wewe umemnunia nani, na kwa upuuzi gani? Shusha hapa chini.