Ukuta Unaotoka Jasho

Sauti ya sepetu ikikata udongo naijua. Nimelelewa na fundi seremala kule Busia, upande wa Kenya, na baba yangu hakuwahi kujenga hata banda la kuku bila kuuliza kwanza maji yatapita wapi. Kwa hiyo nilipokuwa kitandani na mtoto mchanga kifuani, nikasikia sepetu nyuma ya nyumba badala ya mbele, nilijua kazi inafanywa upande usiofaa. Nilijua, na sikuinuka. Nikikumbuka nakasirika upya.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, chini ya kilima cha Mengo, hapa Kampala. Nyuma kuna ukingo wa udongo mwekundu unaopita kimo cha mtu, na mvua ikinyesha, maji ya kilima kizima hutafuta pa kushukia hapo. Mbele, upande wa geti, kuna jua na upepo. Karakana yangu ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Humo nilitengeneza stuli, rafu na vitanda vya watoto. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba nikipiga randa ubao mrefu, ncha yake inatokeza mlangoni kama inachungulia wapita njia. Tukakubaliana na mume wangu tukipanue. Tumbo likiwa kubwa hata kuinama ni kazi, nilipigilia vigingi na kuvuta kamba kuonyesha ukuta mpya utakapopita: mbele, upande wa geti. Yeye ndiye aliyenishikia kamba.

Juu kwenye kenchi za paa la kibanda kulikuwa na mbao za baba. Zilikuwa za mparachichi. Mafundi wa hapa walizicheka, wakasema huo ni mti wa saladi. Lakini mparachichi wa kwetu ulipoangushwa na upepo, baba aliupasua mwenyewe, akazipanga mbao huku akiweka vijiti kati ya ubao na ubao, akaziacha zikauke taratibu hadi zikawa nyepesi na nyekundu kidogo kama chai. Aliniambia mti huu ni mlaini. Ukipata hewa utaishi, ukikaa na maji utaoza kama tunda lake. Akasema zinatosha kitanda cha mtoto wangu wa kwanza. Alikufa kabla sijaolewa. Mbao zile zilikuja Kampala juu ya lori la vitunguu, na sikuwa na kitu kingine kilichopita mikononi mwake.

Mtoto alikuja mapema kuliko tulivyotarajia, msichana. Mama mkwe akahamia kwetu siku hiyohiyo na sufuria zake na majani yake ya kumwogeshea mtoto. Mume wangu ni Muganda, na kwao mwanamke aliyetoka kujifungua wanamwita nakawere. Nakawere hulishwa, hukandwa kwa maji ya moto, na hatoki nje. Sitasema uongo, yule mama alinitunza. Alinipikia matoke laini, akanifulia nepi, usiku akambeba mtoto ili nilale. Lakini kila nilipogusa kitasa cha mlango alikuwa amesimama pale.

"Maama, huko nyuma wanachimba nini?" nilimuuliza.

"Wewe nakawere hapana uliza mambo ya nje," akasema. "Baridi itaingia mgongo. Kunywa uji."

Nikanywa uji. Kwetu pia mkamwana habishani na mama wa mume, na mimi, ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nikaona aibu kuanza ndoa yangu na ugomvi wa mlangoni. Aibu gani? Dirisha la chumba lilitazama ukuta wa jirani. Sikuona kitu, nilisikia tu.

Jioni mume wangu aliingia na udongo kwenye nywele, amejaa furaha kama mtu aliyefanikiwa kuficha zawadi. Alikuwa amechukua likizo yake yote ya udereva kule Nakasero kwa ajili ya kazi hiyo. Nilimuuliza kwa nini anachimba nyuma na vigingi vyangu viko mbele. Akaniambia ndugu zake wangekuja kumwona mtoto, mama yake akataka nafasi ya mbele ibaki wazi kwa turubai na viti, kwa hiyo ameona apanue kwa nyuma. Nyuma pana nafasi kubwa zaidi, akasema, nitafurahi.

"Na mbao za baba?"

"Tuliza moyo, fundi. Nilizishusha nilipofungua paa. Nimezifunika vizuri."

Nimezifunika vizuri. Nilirudiarudia maneno hayo usiku kucha na yalinitosha, kwa sababu nilitaka yanitoshe. Mvua za msimu zilikuwa zimeanza. Wageni wakaja, wakakaa chini ya turubai kwenye mstari wangu wa kamba, wakala, wakamsifu mume wangu kwa kumjengea mke jumba.

Siku mama mkwe aliporidhika kwamba mgongo wangu umekaza, nilienda karakana moja kwa moja, mtoto mgongoni.

Ilikuwa nzuri, hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa amekata ule ukingo, akajenga ukuta wa matofali ukiwa umeegemea udongo wenyewe, akaupiga plasta laini na rangi ya krimu. Alikuwa ameniwekea hata misumari ya kutundika misumeno. Lakini harufu ilinipokea kabla ya kitu kingine chochote, harufu ya gunia lililosahauliwa kwenye mvua. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Rangi ilifura malengelenge, nilipoyabonyeza maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Matundu ya hewa juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa matambara. Mama mkwe ndiye aliyeyaziba, ili siku nitakayorudi kazini na mtoto, upepo usimpige.

Mbao zilikuwa chini, zimelazwa juu ya sakafu, ubao juu ya ubao bila kijiti hata kimoja, zimebanwa kwenye ukuta huohuo na kufunikwa kwa karatasi ya nailoni iliyokunjwa pembeni kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Nilipoifunua, joto lilinipiga usoni. Ukungu mweusi. Za juu zilikuwa zimejikunja kama makuti, na za chini sikutaka kuzigusa.

Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote. Kisha akasema mama yake alimkataza asinisumbue kwa mambo ya ujenzi, nakawere hasumbuliwi. Nikamwambia ningeweza kumjibu kupitia tundu la ufunguo, neno moja tu, mbele. Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akauliza kwa upole kwa nini tunapigana kwa ajili ya ovakedo, yaani parachichi, si zipo mbao nyingine Kampala. Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa na ubaya, na laiti kungekuwa na mmoja ningejua pa kuipeleka hasira hii.

Kazi ya kurekebisha ilituchukua muda mrefu kuliko ya kujenga. Tulichimba mfereji nyuma ya ukuta, tukausogeza ule udongo mbali na matofali, tukajaza kokoto, tukaweka gata kwenye paa ili maji yaende barabarani. Plasta tuliibandua yote ili matofali yapumue. Matambara niliyatoa kwa mkono wangu, na safari hii mama mkwe akayapokea. Siku hizi karakana ni kavu kiasi cha kufanya kazi, ila nimejifunza kutoegemeza kitu kwenye ukuta ule.

Mbao tulizitoa juani, mimi na yeye. Tulizikagua ubao mmoja mmoja. Aliinua ubao, akauliza kwa macho, mimi nikaubonyeza kwa bisibisi na kusema, "Kuni." Akauweka kushoto. Akainua mwingine. "Kuni." Upande wa kulia, ambako tungeweka za kitanda, kulikuwa na nyasi tu. Mtoto alikuwa amelala kwenye beseni kivulini.

Ulipobaki wa mwisho sikuunyooshea mkono. Nilimpa bisibisi. Akaisukuma polepole, nayo ikazama hadi kwenye mpini bila kutoa sauti. Akaichomoa, akauweka ubao kushoto.

"Kuni," akasema.