Mashine ya Reinier Iliyojiendesha Yenyewe

Siku ya nne mtaa wetu wote hapa Holguín hauna umeme. Kwa jirani yangu Reinier taa zinawaka.

Na sio jenereta. Hakuna mafuta wala moshi. Mota inazungusha dainamo ya gari bovu la Kirusi, dainamo inatoa umeme, umeme unarudi kwenye mota. Inajiendesha yenyewe, eti!

Mimi naitwa Odalmis. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, na huyo Reinier nimemfundisha mwenyewe. Nilipoiona ile mashine damu ilinichemka.

"Haiwezekani!" nikasema mbele ya watu. "Umeme hauzuki tu."

"Mwalimu, acha wivu," akadakia jirani yetu Caridad. "Feni si hiyo hapo inakupuliza?"

Wakacheka. Nikaondoka nimefura.

Nyumbani nilikuwa na shida yangu. Mama yangu, Bi Eduviges, ana sukari. Insulini yake inakaa kwenye friji dogo la betri, na betri inachajiwa na paneli ya jua aliyoniletea mwanangu. Wiki ile betri ikawa haishiki chaji. Nililaani mawingu. Nilimlaani hata mwanangu kwa kuniletea kitu feki.

Siku ya tano, mchana, mama akashindwa kuinuka kitandani. Nikampima sukari, iko juu mno. Nikashika kichupa cha insulini.

Cha moto.

Kumbe nilikuwa namchoma dawa iliyoharibika.

Majirani wakambeba hadi hospitali, dada yangu akabaki naye. Mimi nikarudi nyumbani, nikapanda juu ya paa kuing'oa ile paneli niitupe.

Nyuma ya tangi la maji nikakuta waya mweusi umeungwa kwenye waya wangu. Nikaufuata. Ulivuka ukuta, ukashuka kwa Reinier mpaka chini ya mashine.

Nikauchomoa. Mashine ikazima.

"Nani kagusa?" Reinier akapiga kelele.

"Mimi! Mwizi mkubwa wewe!"

Nilishuka hadi kwake. Watu wakajaa. Reinier wala hakukataa.

"Mwalimu, nisikilize. Nilichukua kidogo tu cha kuiwashia. Si wewe ulitufundisha kwamba nishati haipotei? Nilijua inazunguka, itarudi kwako yote."

Jamaa alikuwa anaamini kabisa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira zaidi, maana nilikumbuka. Mwaka niliowafundisha, kimbunga kilifunga shule mapema. Tuliishia kanuni ya kwanza ya nishati, hiyo ya kutopotea. Ya pili, inayohusu joto, niliwaambia, "Mtasoma wenyewe."

"Shika hiyo mota," nikamwambia.

Akagusa, akaurudisha mkono haraka. "Inaunguza."

"Haijapotea, ndiyo hiyo. Ila ikishakuwa joto la hivyo, hairudi tena kwenye betri yangu. Hilo joto unaloshika ndiyo dawa ya mama yangu!"

Hata Caridad akaja kuigusa.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Reinier sijamsamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe. Lakini kila Jumamosi anakaa barazani kwangu na wenzake wa darasa lile, namalizia somo.

Wewe unayesoma hapa, ukionyeshwa kitu kinachojiendesha bure, usisimame kubishana kama mimi. Panda juu ufuate waya. Huenda unaanzia kwako.