Mpasheni Uliohamia Bafuni kwa Mama

Juzi nilipanda hadi kijijini Gesima kumwona kaka yangu, nikakuta sehemu ya migomba imegeuka msitu wa nguzo za saruji. Ni matunda ya dragoni, akaniambia kwa majivuno. Unakata kipande cha shina, unakiacha kidonda kikauke, unakichomeka ardhini, nacho kinaikwea nguzo chenyewe kwa vijizizi mpaka juu kwenye tairi kuukuu lililowekwa kileleni, kisha kinamwagika chini kama nywele. "Mmea huu usipoufunga ungali mdogo, unajichagulia njia," akasema. Hapo nikacheka, maana nilimkumbuka babu, mzazi wa baba yetu.

Nilikuwa mtoto wa shule, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Babu alipata mche wa pasheni soko la Keumbu, akaupanda kando ya ua uliotenganisha nyumba yake na yetu, akawaahidi wazee wenzake kwamba wataonja. Lakini mpasheni ukaudharau mti aliousimamishia. Ukafuata ua, ukazunguka nyumba yetu, ukakwea bafu la mama, kile kibanda cha matete alichoogea. Huko ndiko ulikochanua na kuzaa.

Wewe uliyekulia kwetu umeshaiona shida. Chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, haikumruhusu babu hata kusogelea mahali mke wa mwanawe anapooga. Mama naye asingethubutu kumtajia mahali hapo. Basi babu akabaki upande wake wa ua, akinusa matunda yake mwenyewe.

Mimi nikawa mjumbe. Babu huniambia: "Mwulize mama yako kama mgeni wangu hajambo." Mama, aliyemsikia vizuri sana, hunijibu mimi: "Mwambie babu mgeni amenenepa, karibu aangushe nyumba ya watu." Ilikuwa kweli. Kila mvua ikinyesha, matete yaliinama zaidi. Mwishowe baba akanoa panga, akasema Jumapili ataukata. Nilipompelekea babu habari alisema, "Sawa," akaingia ndani na kuuacha uji wake upoe. Niliumia.

Jumapili asubuhi nilimkuta mama anang'oa matete. Nikadhani analitengenezea panga njia. Kumbe anahamisha bafu, analipeleka upande wa pili wa nyumba, nyuma ya migomba. Nguzo aliziacha zisimame na mzigo wake. Alipomaliza akanituma: "Mwambie babu pale si pangu tena."

Babu alikuja na fimbo yake, akasita kidogo penye ua, akavuka. Alipapasa pasheni moja moja mpaka akapata iliyokunjamana na kuiva zambarau. "Peleka kwa mama yako kwanza. Wazee watangoja." Mama, ambaye siku zote alikula akiwa wa mwisho, aliipasua, akaturambisha sisi watoto kidogo, iliyobaki yote akaimaliza mwenyewe. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Mpasheni ule ulikauka zamani, na wenyewe wote wawili, babu na mama, tumewazika. Kwa kaka, mke wa mwanawe alikaa naye kwenye kochi moja wakizungumza, akakata dragoni jekundu na kumpa mkononi. Ni vizuri, wanapendana. Nami nilipewa kisahani changu, tunda tamu la baridi. Lakini kabla ya kula nilijikuta nimekishika tu, nikingoja mtu anitume.