Kidonge cha Jioni Mbele ya Shemeji

Mdogo wa marehemu mume wangu hakuniletea sumu. Aliniletea mafuta ya mkia wa kondoo, sufuria nzima, na huruma tele usoni. Kwetu Bashay mgonjwa hupewa mafuta hayo arudishe nguvu, kwa hiyo hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

Nilikuwa nimepata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea, mdomo ukaenda upande. Hospitali walinipa vidonge vya kushusha mafuta kwenye damu, kimoja kila jioni, ili kiharusi kisinirudie. Mimi, mwalimu mstaafu mzima, nikavichukulia kama dozi ya malaria: pakiti ikiisha, nimepona. Shemeji akanishika hapohapo. Alisema dawa za kila siku humzoesha mtu ugonjwa, na mkono si umeshaanza kunyanyuka? Nikaacha. Nikanywa mafuta yake, tena nikamshukuru.

Miezi minne baadaye kiharusi kilinirudia, nikaanguka jikoni. Niliporudi kutoka hospitali, mguu nauburuta, nikakuta ameshalima shamba langu la vitunguu swaumu kwa ng'ombe wake na kupanda minyaa, miti ya mpaka, kulitia upande wake. Majirani aliwaambia ananisaidia tu, kwa kuwa mimi ni mtu wa leo au kesho.

Nilimchukia, na chuki ile ilinifaa kuliko mazoezi yote. Niling'oa minyaa kwa mkono mmoja, siku tatu mfululizo. Mwenyekiti wa kijiji akanirudishia shamba mbele ya watu. Tangu hapo kidonge changu nakimezea nje, kwenye benchi, saa anapopitisha ng'ombe wake kuwarudisha zizini. Ananiamkia shikamoo, maana mimi ni mke wa kaka yake na hana namna. Nameza kwanza, taratibu, ndipo naitikia marahaba.

Mwaka huu naye kapimwa. Mafuta yamejaa kwenye damu. Alikuja na pakiti yake mkononi, mpole kabisa, akaniuliza kama vikiisha ndiyo atakuwa amepona.

Neno moja tu lingetosha kummaliza, tena neno lake mwenyewe, na nakiri lilikuwa tamu mdomoni.

"Vikiisha kachukue vingine," nikamwambia. "Usiache hata siku moja. Nataka uwe hai, shemeji, uwe unaniona nikivuna shamba lile kila mwaka."